Mbeleko ya Mwamuzi: Timu Kubwa za Kikapu Zikitazamwa Kutoka Mpakani

Katika lugha ya viwanjani, timu inayodhaniwa kupendelewa na mwamuzi husemwa kwamba inabebwa, na kile kinachoibeba huitwa mbeleko, yaani ile nguo ambayo mama humfungia mtoto mgongoni ili mikono yake ibaki huru kwa kazi nyingine. Upande wa Kenya lawama hiyo hutamkwa kwa ukali zaidi, kwamba refa amenunuliwa au ameuza mechi. Mashabiki huzitumia semi hizi mbili kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali kila moja ina shtaka lake. Aliyenunuliwa anaijua bei yake, anamjua mnunuzi na anaijua dakika ya kupuliza filimbi. Anayebeba kwa mbeleko huweza kutwanga, kufagia na kuchota maji huku amekwisha kusahau kwamba mgongoni ana mtoto. Makala haya yanahusu shtaka la pili, kama lilivyojitokeza katika mpira wa kikapu wa Busia na Tororo, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ambako mwandishi wake alikaa kwenye meza ya makarani kwa misimu kadhaa akiandika alama na faulo za mechi ambazo hazikuwa na kamera wala marudio.

Shtaka la kwanza lina ushahidi wake, na halifai kupuuzwa. Katika NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani ambayo vijana wa mpakani huifuata kwa simu usiku wa manane, mwamuzi Tim Donaghy alijiuzulu Julai 2007, akakiri mahakamani mwezi uliofuata kwamba alihusika katika kamari ya michezo aliyokuwa akiichezesha, na mwaka 2008 akahukumiwa kifungo cha miezi 15. Yeye ndiye aliyeibua upya malalamiko juu ya mechi ya sita ya nusu fainali ya 2002 kati ya Los Angeles Lakers na Sacramento Kings, ambamo Lakers walipata mitupo huru 27 katika robo ya nne pekee na kushinda kwa 106 dhidi ya 102. Mtupo huru ni nafasi ya kurusha mpira kikapuni bila kuzuiwa na mtu, ambayo kwa kawaida hupewa aliyefanyiwa faulo. Ligi ilikana kwamba mechi hiyo ilipangwa, na jambo hilo halikuthibitishwa. Lakini mtu aliyefungwa alifungwa kwa ajili ya kamari, na kamari haina timu inayoipenda: hufuata pesa zilikowekwa, ziwe kwa nyota au kwa wanyonge. Kwa hiyo kisa cha Donaghy, ambacho hutajwa kila mara mabishano yanapopamba moto, hakieleweshi hata kidogo kwa nini timu kubwa ndizo zinazolaumiwa kubebwa.

Kisa kinachoeleza zaidi ni cha tarehe 14 Juni 1998, katika mechi ya sita ya fainali kati ya Chicago Bulls na Utah Jazz. Katika robo ya pili mtupo wa alama tatu wa Howard Eisley wa Utah ulikataliwa kwa hoja kwamba saa ya kushambulia ilikuwa imekwisha, ingawa picha zilionyesha kuwa mpira ulikuwa umekwisha kumtoka mkononi. Katika robo ya nne mtupo wa alama mbili wa Ron Harper wa Chicago ulikubaliwa, ingawa picha zilionyesha kuwa saa ilikuwa imeshamaliza kazi yake. Zikiwa zimesalia sekunde 5.2, Michael Jordan alimwacha Bryon Russell, kwa msaada wa mkono ambao watu wanaubishania hadi leo, akafunga kikapu cha ushindi, na Chicago ikatwaa ubingwa kwa 87 dhidi ya 86. Ni alama tano za makosa katika mechi iliyoamuliwa kwa alama moja. La kuzingatiwa ni kwamba mechi hiyo ilichezwa Salt Lake City, nyumbani kwa Utah, mbele ya umati uliokuwa ukiizomea Chicago, kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba waamuzi walisukumwa na kelele za mashabiki. Kama kulikuwa na kilichowasukuma, na huenda hakikuwapo, basi ni kule kuzoea kwamba mpira wa Chicago huingia.

Kikapu kinatoa nafasi kubwa kwa mazoea ya namna hiyo kuliko michezo mingine mingi, kwa sababu tendo lake la kawaida kabisa, yaani watu wawili kugongana chini ya pete, halina maana mpaka mwamuzi alipe maana. Mshambuliaji anapomvaa beki kifuani, kanuni huuliza kama beki alikuwa tayari amesimama mbele yake, miguu yote miwili sakafuni, uso ukimwelekea. Ikiwa ndivyo, kosa ni la mshambuliaji, na ikiwa alichelewa kwa nusu ya hatua, kosa ni la beki. Tukio ni lilelile, kishindo ni kilekile, na tofauti iko katika jambo lililotokea kabla ya mgongano, wakati macho ya mwamuzi pengine yalikuwa kwenye mpira. Mwamuzi hana budi kuijaza nafasi hiyo kwa kitu fulani, na kitu kilicho karibu zaidi ni kile anachokijua tayari juu ya watu hao wawili: huyu ni mahiri, haendi ovyo, yule ni mwanafunzi, lazima alichelewa. Haki inataka isemwe pia kwamba kuhesabu mitupo huru, kama wafanyavyo mashabiki wengi, hakuthibitishi lolote, kwa kuwa timu inayoingia chini ya pete mara nyingi itafanyiwa faulo nyingi kuliko inayorusha kutoka mbali, na timu bora kwa kawaida ndizo zenye ubavu wa kuingia.

Eneo la Busia na Tororo lina faida moja kwa mtu anayetaka kulichunguza jambo hili, nayo ni kwamba hapo ukubwa wa jina hubadilika kwa mwendo wa dakika chache. Mpaka wa Uganda, ambao uliwahi kufika Naivasha, ulisogezwa magharibi mwaka 1902, na mstari uliotokana na mabadiliko hayo uliwaacha Wasamia na Wateso pande zote mbili, ndugu kwa ndugu. Miji miwili ikaitwa kwa jina moja, Busia, mmoja wa Kenya na mwingine wa Uganda. Huo wa Uganda ulikuwa ndani ya wilaya ya Tororo hadi mwaka 1997. Hapo ndipo baiskeli za kuvusha watu kutoka kizuizi kimoja hadi kingine zilipozaa neno boda boda, ambalo sasa linatumika Afrika Mashariki nzima hata kwa pikipiki isiyowahi kuuona mpaka. Tangu mwaka 2014 Mkenya na Mganda huvuka kwa kitambulisho cha taifa tu, na tangu Februari 2018, kituo cha pamoja cha forodha kilipozinduliwa na marais wa nchi zote mbili, hukaguliwa mahali pamoja. Watu, nyanya, saruji na samaki huvuka. Sifa ya mchezaji, kama itakavyoonekana, huvuka kwa shida.

Nchi zote mbili zina timu zao kubwa za kikapu, na zote ziko mbali na mpaka. City Oilers ya Kampala ilitwaa ubingwa wa Uganda mwaka baada ya mwaka kuanzia 2013, na mwaka 2023 ikacheza katika Ligi ya Kikapu ya Afrika, mashindano yaliyoanzishwa na shirikisho la dunia, FIBA, pamoja na NBA. Kenya ilisubiri hadi 2025 ndipo Nairobi City Thunder ikawa klabu yake ya kwanza kufika huko. Timu inayotajwa katika kisa kifuatacho si mojawapo ya hizo. Ilikuwa timu ya mji mkuu iliyoalikwa Tororo wakati wa likizo, ikiwa na mchezaji mmoja ambaye picha yake ilikuwa imetoka magazetini, na hilo lilitosha kuwafanya wanafunzi wapande ukuta wa shule tangu saa sita mchana.

Uwanja ulikuwa wa saruji, wenye ufa uliokatiza mstari wa mitupo huru, na pete zake hazikuwa na nyavu. Kukosekana kwa wavu kunaweza kuonekana ni jambo dogo, lakini kwa karani ni balaa, kwa sababu mpira uliopita katikati ya pete na mpira uliopita mbele yake kwa upana wa kiganja huanguka mahali palepale bila sauti, na anayetazama kutoka ubavuni hana njia ya kuitofautisha ila kwa kusikiliza watu walioketi nyuma ya ubao. Mitupo ya namna hiyo, mchezaji mashuhuri alipoirusha, umati ulishangilia kabla ya mpira kufika, na karani akaandika. Alipoirusha mchezaji wa shule, palikuwa na kimya kifupi, na karani akainua macho kumtazama mwamuzi. Mwandishi hakuiona tofauti hiyo siku ile. Aliiona baadaye sana, akiwa nyumbani, alipokuwa akijiuliza kwa nini siku nzima shingo yake iligeuka kwa upande mmoja tu wa karatasi.

Karatasi rasmi ya alama ina visanduku vitano mbele ya kila jina, na kila faulo ya kawaida huingizwa kwa herufi P. Kisanduku cha tano kikijaa, mchezaji hutoka na harudi tena, tofauti na NBA ambako ukomo ni faulo sita. Robo ya kwanza na ya tatu huandikwa kwa wino mwekundu, ya pili na ya nne kwa wino mweusi au wa buluu, na kalamu nyekundu ya siku hiyo iliazimwa kutoka kwa mwalimu aliyekuwa akisahihisha mitihani. Robo ya nne ilikuwa imeanza, kalamu nyeusi mkononi, mchezaji mashuhuri akiwa na P nne. Akaingia chini ya pete kutoka upande wa kulia, beki wa wenyeji akasimama, wakagongana, wote wakaanguka juu ya ule ufa. Filimbi ikalia, ngumi ya mwamuzi ikapanda juu, ishara ya faulo, lakini bado hajasema ni ya nani. Kwa utaratibu mwamuzi hukaribia meza kwanza, akaonyesha namba ya mkosaji kwa vidole, kisha aina ya kosa.

Mwamuzi alipofika mezani, akaonyesha vidole kumi na kugonga ngumi kwenye kiganja, maana yake mshambuliaji ndiye aliyemvaa beki.

“Karani, namba kumi. Ni ya tano hiyo,” akasema.

Karani alikuwa ameshaandika. Herufi P, nyeusi, safi, ilikuwa imekaa mbele ya jina la beki, namba tano, kabla mwamuzi hajapiga hatua ya pili kutoka pale walipoangukia. Ilibidi ikatwe kwa mstari na kusainiwa pembeni, huku kocha wa wageni akilalamika kwamba mwamuzi anabeba wenyeji, na mashabiki wa wenyeji, ambao hawakuwa wameielewa ishara, wakilalamika kwamba anabeba wageni.

Mwandishi hakuwa amepewa kitu na mtu yeyote. Hakuwa shabiki wa timu ya mji mkuu, tena beki yule alikuwa jirani yake. Mkono wake uliandika kile ambacho akili ilikitarajia, na kama yeye ndiye angekuwa na filimbi, jirani yake angeadhibiwa na nyota angebaki uwanjani, na kesho yake mji mzima ungesema refa alinunuliwa, naye angeapa kwa haki kabisa kwamba hakupokea hata senti.

Watafiti wamelikaribia jambo hili kwa njia mbalimbali. Mwaka 2002 Alan Nevill na wenzake nchini Uingereza waliwaonyesha waamuzi 40 wa soka mkanda wa mechi ya Liverpool na Leicester City, baadhi wakiwa na kelele za mashabiki na wengine katika ukimya, na waliosikia kelele wakatoa faulo pungufu kwa takriban asilimia 15 dhidi ya wenyeji, ingawa walitazama picha zilezile. Katika kikapu, Joseph Price na Justin Wolfers walichambua misimu ya NBA kuanzia 1991 hadi 2004, wakaona kwamba mchezaji hupewa faulo nyingi kidogo zaidi waamuzi wanapokuwa wa rangi tofauti na yake. Matokeo hayo yalitangazwa magazetini mwaka 2007 na kuzua kelele kubwa. Walipoichunguza tena misimu iliyofuata, tofauti hiyo ilikuwa imetoweka. Ligi haikuwa imewafukuza waamuzi wake na kuajiri wengine. Watu walewale, wakishajua kwamba mwelekeo wao unahesabiwa, waliuacha.

Timu ileile ya Tororo iliyokuwa ikimheshimu mgeni wa mji mkuu nayo ilikuwa na nyota wake wa nyumbani, kijana mrefu ambaye waamuzi wa upande wa Uganda walizoea kumpa faulo kila alipoguswa akiwa hewani. Timu ilipovuka kucheza Busia ya Kenya, kijana huyo aliingia chini ya pete kama alivyozoea, akaguswa kama alivyozoea, akageuka kumtazama mwamuzi, na mchezo ukaendelea. Wakati wa mapumziko mchezaji mwenzake alimuuliza kulikoni. “Jina langu limezuiwa forodhani,” akajibu, na benchi zima likacheka. Alikuwa na umbo lilelile na mbinu zilezile, katika mji ambao shangazi yake alikuwa akiuza mitumba. Kilichokosekana ni umati unaomjua na mwamuzi aliyewahi kumwona akifanyiwa faulo hapo awali.

Waandaaji wa mechi za mpakani walijaribu kuliponya tatizo kwa njia inayoonekana ya busara, yaani mwamuzi mmoja kutoka kila nchi. Matokeo yalikuwa ya ajabu. Mwamba ngoma, wahenga walisema, ngozi huivutia kwake, lakini waamuzi wale walivutia kwa jirani: Mganda aliwakazia Waganda ili Wakenya wasimseme, na Mkenya naye vivyo hivyo, hata makocha wakaanza kumpangia mfungaji wao upande wa uwanja uliosimamiwa na mwamuzi wa nchi pinzani. Hiyo nayo ni mbeleko, ila imefungwa kifuani. Tanzania ilikwenda mbali zaidi katika soka: mechi ya Simba na Yanga iliyoahirishwa Machi 2025 ilipochezwa hatimaye tarehe 25 Juni, iliongozwa na waamuzi kutoka Misri, na Yanga ikashinda 2-0. Mwamuzi wa mbali ana faida ya kutokuwa na shemeji mjini. Hata hivyo majina makubwa humfikia kwenye simu kabla hajapanda ndege, na mashindano ya shule kwenye uwanja wenye ufa hayana nauli ya kumleta.

Ipo sababu nyingine ambayo haipatikani kwenye tafiti za vyuo vikuu, na ambayo kila aliyewahi kukaa meza ya makarani mpakani anaijua. Posho ya mwamuzi, yaani malipo madogo ya siku, hutolewa na mwenyeji, baada ya mechi, mara nyingi pamoja na chakula na soda, na mwenyeji ndiye huamua nani aitwe tena mwezi ujao. Mkono mtupu haulambwi. Mwenyeji aliyegharimia kumleta nyota wa mji mkuu, akatangaza kwa kipaza sauti juu ya gari siku tatu, hataki kumwona nyota huyo ameketi benchi kwa faulo tano robo ya nne ikiwa bado changa, na hahitaji kumwambia mwamuzi neno lolote kuhusu hilo. Mwamuzi analijua, kama vile anavyojua kwamba gari la mwisho la kwenda mpakani huondoka jioni na kwamba atapita kwa miguu katikati ya watu waliokuwa wamepanda ukuta. Katika hali hiyo yule mwamuzi aliyeonyesha vidole kumi alifanya jambo la ushujaa, ingawa hakuna aliyempigia makofi, na mwandishi hakumbuki kumwona tena kwenye uwanja ule.

NBA, yenye fedha za kuajiri waamuzi watatu kwa kila mechi tangu msimu wa 1988 na 1989, ilianza mwaka 2015 kutangaza taarifa za dakika mbili za mwisho za mechi zilizokaribiana, ikikiri waziwazi ni maamuzi gani yalikuwa sahihi na yapi yalikosewa. Taarifa hizo hazibadilishi matokeo, na mashabiki huzitumia kama kuni za kuchochea ugomvi mpya. Lakini mwamuzi anayejua kwamba asubuhi kosa lake litasomwa ana sababu ya kuitazama miguu ya beki badala ya jina la mshambuliaji, na hilo halihitaji kamera: karatasi ya alama ikibandikwa ukutani baada ya mechi, pamoja na mikato yake yote, nayo posho ikitoka kwenye mfuko wa pamoja wa timu zote na kulipwa kabla mpira haujarushwa juu, sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Pendekezo hilo lilitolewa kwa waandaaji wa pande zote mbili zaidi ya mara moja, nao walilikubali kwa maneno. Katika mechi ya mwisho ambayo mwandishi alikaa mezani, soda ya mwamuzi bado ililetwa na mwenyeji.